Boksi Nilimomlaza Mtoto wa Uzi

Siku niliyompelekea mwanamke mjamzito jeneza naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu. Usishtuke. Vuta kiti nikueleze polepole, maana jambo hili ukilisikia haraka utadhani nilikuwa mchawi, na mimi majirani wangu wote hapa Kiminini watakuambia ni mtu wa kucheka na kunywa chai tu. Chai nyingi. Ng'ombe wakiniona asubuhi huanza kuhuzunika.

Nakuandikia wewe unayefuma, wewe unayechemsha sabuni jikoni kwa mama yako, wewe unayetoboa shanga za hereni ukimaliza kazi ya shamba. Kitu chako umeshakitengeneza, kizuri, na sasa umekaa unajiuliza utakitia ndani ya nini, utakifunga vipi, utaweka kikadi gani pembeni ili anayekipokea atabasamu. Unadhani hiyo ni kazi ndogo ya mwisho. Mimi pia nilidhani hivyo.

Wakati huo nilikuwa msichana wa Kitale. Mchana niliuza vitambaa katika duka la mtu, na jioni nilikuwa nikimalizia sekondari katika masomo ya watu wazima, tukikalia madawati ya watoto wa shule ya msingi, magoti yakigusa kidevu. Wengine tulifika darasa la mwisho tukiwa tumepinda kama ndizi. Lakini tulisoma! Na katikati ya duka na darasa nilikuwa na kitu changu cha kupenda: nilifuma wanasesere. Kwa sindano ile yenye ndoano nchani niliwafuma watoto wadogo wa uzi, wa kutosha kiganjani, wenye mashavu ya duara na nywele za sufu nyeusi. Haikuwa biashara hasa. Yalikuwa mapenzi yaliyopewa jina, na jina lenyewe lilikuwa Watoto wa Uzi.

Bungoma mjini kulikuwa na dada mmoja aliyeitwa Nafula. Alikuwa na duka la nguo za watoto, dogo, lenye dirisha kubwa linalotazama barabara. Nilimwonyesha mwanasesere mmoja nilipokwenda kumwona shangazi yangu, akampenda papo hapo.

"Nitamweka dirishani," akaniambia. "Lakini si ndani ya mfuko wa unga hivi bana. Mtengenezee boksi lake. Watu wananunua kwa macho kwanza."

Nafula alikuwa mjamzito. Mimba ile aliingoja miaka mingi, kwa maombi na machozi, na sasa alipoipata aliibeba kama mtu anayevuka mto na yai mkononi. Duka zima lilikuwa limejaa soksi na kofia za watoto wachanga, lakini yeye mwenyewe hakuwa ameweka kando hata soksi moja. Kwetu hununui vitu vya mtoto kabla hajafika. Unangoja mwenyewe aje na njia yake, halafu ndipo unakimbia sokoni.

Basi nikarudi Kitale na kazi ya boksi. Lo! Nilikata, nikapima, nikabandika, mpaka gundi ikawa sehemu ya ngozi yangu. Jioni moja nilimsalimia mwalimu tukakaribia kwenda nyumbani tumeshikana. Hapa sasa ndipo unisikilize vizuri. Chumba nilichopanga kilikuwa nyuma ya karakana ya majeneza. Fundi wake alikuwa jirani mwema, na mabaki yake alinipa mimi: vipande vya satini nyeupe, lesi, kitambaa cha zambarau, hata ile karatasi ya kung'aa inayowekwa kwenye kidirisha cha jeneza ili watu wamwone marehemu uso. Nilikuwa nimekaa pale mpaka majeneza siyaoni tena. Ni kama mtu anayeishi kando ya kinu cha kusagia mahindi: mgeni anaziba masikio, yeye anaimba.

Nikatengeneza boksi refu la kadibodi, limepungua kidogo upande wa miguu ili likae vizuri mkononi. Ndani nikalitandika satini nyeupe, nikaikunja mikunjo mikunjo. Pembeni lesi. Nje kitambaa cha zambarau. Nikamlaza mtoto wa uzi chali, mikono kifuani, nikamfunika mpaka shingoni, na juu ya uso wake nikakata kidirisha cha mraba. Darasa letu la jioni lilipolipitisha boksi lile kutoka dawati hadi dawati, watu walipiga makofi. Hakuna hata mmoja aliyesema neno. Sote tulikuwa tukipita mbele ya karakana ile kila siku ya Mungu.

Nikalifunga kwa gazeti lisishike vumbi, nikaenda Bungoma.

Nafula alikuwa nyuma ya meza, na mama mkwe wake, mama mmoja mkakamavu tuliyemwita Mama Wekesa, alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga. Kulikuwa na mteja mmoja akichagua soksi.

"Nasimiyu! Umeniletea?"

"Nimekuletea. Fungua mwenyewe uone maajabu."

Akafungua gazeti polepole, anacheka. Kicheko kikakatika. Alilitazama lile boksi kupitia kile kidirisha, uso kwa uso na yule mtoto, na mkono wake mmoja ukashuka wenyewe ukashika tumbo.

Yule mteja akachungulia. "Ati hii ni ya kuuza? Mbona hamjaweka na shada la maua?"

Mama Wekesa akainuka, mboga zikamwagika. "Hii ni nini? Wewe msichana, hii ni nini?"

"Ni boksi tu, mama. La mwanasesere."

"Boksi? Unamletea mtu na mimba yake mtoto kwa sanduku la maiti, unasema boksi? Nani amekutuma? Toa hiyo kitu hapa! Toa kabla sijaita watu!"

Ndipo nikaliona. Naapa, mwanangu, ni kama mtu aliwasha taa. Nililiona lile jeneza langu, zuri ajabu, limetengenezwa kwa upendo wote duniani, na mtoto amelala ndani yake.

Nikalikumbatia nikatoka mbio. Shangazi anasema nilipita kwake bila kumsalimia, na mimi nakumbuka nilikimbia mpaka Kitale kwa miguu, ingawa hilo haliwezekani.

Baada ya siku kadhaa shangazi akanipigia simu. Duka la Nafula lilikuwa limefungwa. Alikuwa kitandani ameelekea ukutani. Hakuwa anakula, uji ukiletwa unapoa unarudishwa. Alisema ameonyeshwa yatakayompata. Walimpeleka kliniki, daktari akamwambia mtoto anacheza vizuri kabisa tumboni, na yeye akajibu, "Hata yule alikuwa amelala vizuri." Mtu asiyekula, mwenye mimba iliyongojwa hivyo! Shangazi akaniambia, "Wewe ndiye uliyemtia hofu. Tafuta namna ya kuitoa, na uitoe haraka, kabla haijamdhuru yeye na huyo mtoto."

Namna gani? Nilienda Kiminini kwa Shosho Nyambura. Huyu alikuwa bibi aliyetuuzia sufu. Alifika huku Trans-Nzoia akiwa msichana, pamoja na wazazi wake, kutoka upande wa kati wa nchi, akafuga kondoo, akalea wanawe, akalea wa wengine, na alikuwa mrefu hivi kwamba akiinama mlangoni chumba kilingoja kidogo kabla ya kupata mwanga tena. Alinikuta nimesimama uani mwake na boksi langu.

"Umekuja kwa sufu ama umekuja kulia?"

"Vyote viwili, shosho."

Nikamweleza. Hakucheka, na shosho yule alikuwa akicheka hata kondoo akipiga chafya. Alilishika boksi, akaligeuza, akaligeuza tena, akachungulia dirishani.

"Nani alikuambia huyu amekufa?"

"Hajafa, shosho, ni mapambo tu..."

"Amelazwa chali. Amefunikwa. Anaangaliwa kwa dirisha. Niambie wewe uliyesoma jioni, nani aliye hai anaangaliwa hivyo?"

Nikasema nitatengeneza lingine, la manjano, lenye maua, lenye utepe.

"Hata ulipake dhahabu. Yule msichana akiona kifuniko chochote kimetoka kwako, mkono wake hautakubali kukifungua. Mpelekee kitu kisicho na kifuniko. Amwone mtoto kwanza, ndipo amshike."

"Sasa mtoto atakaa ndani ya nini?"

Shosho alimtoa mwanasesere kwa vidole viwili vya kila mkono, taratibu, kama anayemtoa mtoto kwenye karai la maji. Akampangusa nyuzi za satini. Kisha akainama, yule bibi mrefu, mgongo ukawa sawa kama meza, akamweka pale juu katikati ya mabega, akarusha leso, ile kanga yake, akaivuta, akafunga kifuani, akainuka.

Mwanangu, nilikuwa nimemfuma mtoto yule kwa mikono yangu mwenyewe. Kila kifundo nilikijua. Lakini pale ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza. Kichwa kile kidogo chenye nywele za sufu kilitokeza juu ya leso, shavu limeegemea mgongo wa bibi, na macho yake ya uzi yakanitazama. Alikuwa hai! Shosho akachukua hatua, na mtoto akatikisika kama watoto wanavyotikisika, na mimi nikajikuta nimemnyooshea kidole ashike.

"Unaona?" shosho akasema. "Mtoto aliye hai anawaangalia watu akiwa mgongoni. Twende Bungoma."

"Hivyo hivyo, shosho? Watu watakuona!"

"Si ndiyo maana nakwenda?"

Tukaenda. Njia nzima hakumshusha. Akiketi, aliketi mbele kidogo asimbane. Mtu akimuuliza anaitwa nani, alijibu bila kutabasamu kwamba bado hajapewa jina. Nilimtazama nikiogopa na kustaajabu, maana kadiri tulivyokaribia ndivyo mimi mwenyewe nilivyoanza kutembea polepole, nisimwamshe.

Mama Wekesa ndiye aliyetutokea getini, na aliponiona alikunja mikono. "Wewe tena?"

Shosho akapita mbele yangu. "Hodi, mama. Huyu ni wa kunionyesha njia tu. Mimi nimetoka Kiminini, na nina mtoto."

Akageuka, akampa mgongo.

Nilimwona Mama Wekesa anatazama, uso mkali, kisha midomo inatetemeka kidogo pembeni. Mwanamke wa Bungoma ana mambo mengi anayoweza kumnyima mgeni, lakini aliyebeba mtoto hasimamishwi getini juani. Desturi hiyo ilikuwa imemwingia kabla hajaifikiria.

"Karibu ndani," akasema, sauti imeshuka. "Mtoto hajalia njiani?"

"Aah, ameshiba. Mimi ndiye sijashiba."

"Ni msichana?"

"Ni msichana. Ana maneno mengi, ngoja tu aamke."

Wakaingia wakizungumza hivyo, wanawake wawili wazima, kwa heshima zote, juu ya mtoto wa uzi. Mimi nilibaki mlangoni nimeshika ukuta. Sijawahi kuona kanisa lililonitia unyenyekevu kama chumba kile.

Nafula alikuwa ametokea kwenye mlango wa ndani. Alikuwa amekonda usoni, kitambaa kimemlegea kichwani. Alitazama. Shosho hakumwambia pole, hakutaja boksi, hakutaja Mungu wala daktari. Alimpa mgongo tu na yeye, akainama.

"Nisaidie kumshusha, binti yangu. Mgongo umechoka."

Unajua namna mtoto anavyoshushwa: mwenye mgongo anainama, mwingine anaweka mikono chini ya makalio ya mtoto, ndipo leso inafunguliwa. Huwezi kukataa ukiombwa. Nafula akasogea. Akaweka mikono yote miwili, viganja wazi. Shosho akafungua fundo, leso ikalegea, na mtoto akateleza akaingia mikononi mwa Nafula, uso juu, anamtazama.

Nafula akamweka begani. Akampigapiga mgongoni kwa vidole, taratibu, kama tunavyofanya sote bila kufundishwa. Alisimama hivyo muda mrefu. Kisha mabega yakaanza kutikisika, na sikujua kama ni kilio au kicheko mpaka aliposema, "Lakini huyu mtoto ana nywele mbaya, wueh!"

"Nywele ni kazi ya huyu hapa mlangoni," shosho akajibu. "Mimi nilileta sufu safi."

Nafula akaniangalia. Akacheka kwa sauti, machozi yanashuka. Halafu akamgeukia shosho, hofu bado imesimama kidogo machoni. "Lakini mimi bado sijazaa. Siwezi kuweka kitu cha mtoto ndani ya nyumba."

"Nani amesema ni wako? Huyu ni wa dukani. Wako yuko njiani, na anakuja kwa miguu yake. Wewe kula tu apate nguvu ya kutembea."

"Mama," Nafula akamwambia mama mkwe wake, "uji uko?"

Mama Wekesa alikimbia jikoni. Mwanamke mwenye umri ule! Sufuria zilipiga kelele mpaka watu wa mji wa Webuye walijua leo Nafula anakula.

Kutoka hapo ndipo Watoto wa Uzi walipopata vazi lao. Nilikata kadibodi kwa umbo la mwanamke aliyekupa mgongo, nikampaka rangi kwa mkono, na mtoto wa uzi nikamfunga pale mgongoni kwa kipande cha kitenge chenye fundo mbele. Hakuna kifuniko, hakuna dirisha. Anayempokea anamshusha kama anavyoshushwa mtoto, na mkononi anabaki na picha ya mama ya kuweka ukutani. Hakuna migongo miwili niliyoichora sawasawa. Mmoja alikuwa mama wa Cheptais mwenye gunia la viazi kichwani. Mmoja nesi mwenye mshipi. Mmoja mrefu mno, ameinama kidogo kama anayepita mlangoni, na huyo unamjua. Ndani ya fundo niliweka kipande kidogo cha karatasi kilichosema: Mshike chini kwanza, ndipo ufungue.

Nafula alipofungua duka tena aliwapanga dirishani. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikawatazama. Ilikuwa safu ya akina mama wamekupa mgongo, kama wanaoingia dukani wote pamoja, na watoto wao wote wamegeuza vichwa wakikutazama wewe. Watu walikuwa wakipita, wanasimama, wanarudi nyuma. Mzee mmoja alivua kofia. Mwendesha boda alisahau abiria wake. Ng'ombe wa kupita alisimama pia, na hilo usinibishie, nilikuwepo.

Nafula alijifungua salama, msichana. Sikwenda mara moja. Niliogopa kuwa miguu yangu bado ina mkosi kwake. Yeye ndiye aliyeniita, baada ya muda, shingo ya mtoto ilipokuwa imekomaa. Nilipoingia getini alikuwa uani anaanika nguo, hakugeuka kunisalimia. Alinisikia, nikamwona anatabasamu upande wa shavu, lakini aliendelea kunipa mgongo. Na kutoka mgongoni mwake, juu ya leso, macho mawili makubwa yaliyo hai kabisa yakanitazama, yakanipima, yakafumba kwa usingizi.

Nilipiga magoti palepale kwenye majani yenye maji ya nguo. Mpaka leo sijui kwa nini. Magoti yalijua.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii, na uipokee kama ninavyoitoa, kwa moyo mweupe. Unapotengeneza cha kufungia kazi yako, usianze na mabaki uliyo nayo wala na uzuri unaoujua wewe. Anza na mikono itakayofungua. Ni ya nani? Amengoja nini? Anaogopa nini? Mpelekee kazi yako mtu wa mji mwingine, mwenye umri mwingine, asiyepita kila siku unapopita wewe, na umwombe akuambie anaona nini. Akikuambia neno chungu, mpe chai. Ukikosea, na utakosea, usijifiche nyuma ya neno zuri kama mapambo. Rudi kwa yule uliyemwumiza, na kama huwezi kwenda peke yako, tafuta anayejua njia uende nyuma yake. Na kile kidogo unachoongeza, kikadi, picha, kipande cha kitenge, kiwe ni kitu ambacho mtu angekihifadhi hata kama hangenunua kwako tena.

Mikono yako iwe myepesi, macho yako yawe mapya kila asubuhi. Mungu akupe wateja wanaocheka na wazee wanaokugombeza kwa wakati. Kila utakachokifunga kifike kikiwa hai, na atakayekipokea akipokee kwa mikono miwili. Nenda salama, mwanangu.